Sahani Kwanza

Kwa Ndinda, aliyeenda kusukwa Kanyangi sokoni.

Salamu sikupi, kwa sababu tuliamkiana asubuhi, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumeshakosana. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishiwa gumbaru, mama mzima nimebanana kwenye dawati la watoto. Kikamba changu ni cha mdomo. Na mdomo wangu unaujua, nikiufungua mbele yako unatoa kugombeza tu. Tangu Jumapili nataka kukwambia jambo moja, na kila nikianza najisikia nimesema habari ya viatu. Kwa hivyo nimeona niandike wakati hupo. Yule msichana wako wa nywele anasuka kwa mkono mmoja na simu iko kwa mkono wa pili, kwa hivyo nina mchana mzima.

Mambo ya kula na kulala na vijana wa Mombasa sitakuandikia. Una akili, ingawa huitumii asubuhi. Unaenda kujifunza kazi ya stima, na ukishika waya usiofaa ni wewe utakayerushwa, si mimi. Nataka kukuandikia habari ya ngoma.

Najua umesema hutaki kuisikia tena. Ulisema leo ukiwa umesimama mlangoni na kikombe: "Susu, imepasuka. Imeisha. Wacha iende kuni." Mimi nyanya yako nikaendelea kumimina chai, ukafikiri nimekubali. Sikukubali na sikukataa. Tangu maji ya mafuriko yaje, mambo yananipitia kama redio ya jirani, nasikia sauti lakini sijui wanasema nini. Uliniambia nimekauka, ati hata kulia siwezi. Ni kweli siwezi. Nilijaribu siku moja nikiwa peke yangu kule chooni, nikakunja uso kabisa, hakuna kitu kilichotoka. Nikaoga nikatoka. Usinihurumie. Nakwambia tu vile mambo yalivyo, usije ukafikiri nimeandika hii karatasi nikilia.

Sasa ngoma. Wewe uliiona kama gogo kwenye sanduku, kwa hivyo nianze mbali kidogo.

Hiyo mwase, ngoma ndefu ya kilumi ambayo wamama wazee wa huku walikuwa wanapiga mvua ikikataa, niliachiwa na mama mkwe wangu. Hakunipa kwa sherehe. Alikuwa anapukuchua mbaazi, mimi niko kando napepeta, akasema bila kuniangalia, "Kalondu, nikienda, ile ya juu ni yako kuangalia." Aliiita ya juu kwa sababu ilikuwa inakaa juu, kwenye dari la fito hapo jikoni, juu ya mafiga, pamoja na vibuyu vya mbegu. Moshi ulikuwa unaipita asubuhi na jioni. Mdudu hakuisogelea. Ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, na ukiishika mkono wako unanuka moshi mpaka kesho yake.

Sikiliza vizuri neno alilosema. Alisema kuangalia. Hakusema kupiga. Aliyekuwa anapiga ni Mbithe.

Mbithe humkumbuki vizuri, ulikuwa mdogo alipohama. Alikuwa jirani yetu hapo chini, mke wa yule fundi wa mizinga ya nyuki. Mfupi, mwenye maneno, na mikono mikubwa isiyo ya mwili wake, kama ya kuazima. Alikuwa anaiweka ngoma katikati ya magoti, anafunga mkanda wa ngozi kiunoni, anafunga na macho. Mimi kazi yangu ilikuwa kuimba na kuitikia na kuringa. Nilikuwa na sauti, usicheke. Lakini tulikuwa tunaimba juu ya mikono yake. Akikata mdundo tunanyamaza wote, hata kama neno limefika nusu. Kulikuwa na mdundo wa kuanza, huo hata mimi naujua. Kulikuwa na wa kuita, huo naweza kuubahatisha. Na kulikuwa na wa kufunga, wa kuwarudisha watu nyumbani wakiwa wametulia. Huo siujui. Hakuna mtu wa huku anayeujua. Tulikuwa tunausikia na kuondoka, ilikuwa ndiyo saa ya kutafuta leso na viatu. Nani angekaa kujifunza mdundo huku anatafuta kiatu?

Halafu nikaokoka. Nilipookoka nilimaanisha, na mpaka leo namaanisha, sitaki useme baadaye kwamba susu wako alikuwa hapa na pale. Lakini nitakwambia kitu. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kuniambia nitoe ngoma nyumbani. Hakuna hata mmoja. Ni mimi. Walipanga maombi ya nyumba kwa nyumba, wakasema wiki ijayo ni kwa Mama Mutua, ndiyo mimi, kwa jina la baba yako, na mimi nilikuwa nimetoka tu kuchaguliwa mwenyekiti wa kina mama. Nikaangalia jikoni, nikaona mchungaji ataingia kuomba kikombe cha maji na atainua macho. Basi nikapanda kwa kiti, nikaiteremsha. Nikaipangusa moshi kwa sabuni ya unga. Moshi ndio uliokuwa unaitunza, mimi nikauosha kama uchafu. Nikaitia kwenye lile sanduku la chuma la baba yako la shule, nikafunga kufuli, nikalisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani.

Mchungaji alikuja, akaomba, akala chapati nne, akaenda. Hata jikoni hakufika.

Nilikuwa nimefikiri nitairudisha juu baada ya siku chache. Haikurudi. Ukishaficha kitu, kukitoa kunakuwa kazi kuliko kukificha.

Wakati huo huo Mbithe alikuwa anahama. Mzee wake alikuwa ameaga dunia, na binti yake ana kibanda cha vitunguu na matikiti hapo Kambu kando ya barabara ya Mombasa, akamwambia, "Mama, njoo ukae na mimi." Siku mbili kabla ya kwenda akaja hapa, akaketi kwenye hicho kigoda unachowekea miguu. Akasema, "Kalondu, nipe ngoma niende nayo."

Nikamwambia, "Ngoma ni ya hii boma. Niliachiwa mimi."

"Na unaipiga wewe?"

"Naiangalia."

"Unaiangalia wapi? Nimepita jikoni, juu kuna vibuyu tu."

Nikamwambia iko mahali pazuri. Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Mahali pazuri chini ya godoro la mwenyekiti."

Nikakasirika kwa sababu alikuwa amepata. Nikamwambia mambo ambayo sitaandika. Nikamwambia mwanamke hawezi kuolewa huku, kukaa huku, halafu akienda abebe mali ya watu kama mfanyakazi aliyefukuzwa. Hilo nimeliandika, basi liwe. Akasimama, akaniwekea viganja vyake viwili mbele ya uso, hivi, karibu kunigusa pua. Akasema, "Zako ni ngozi na mti. Ngoma ni hii." Akaenda. Hatujaongea tena.

Niliona amenitukana. Nilikaa na hilo tusi miaka, nikilitoa na kulirudisha kama mtu mwenye pesa ya noti moja.

Sasa siku ya maji ulikuwepo, lakini kila mtu alikuwepo upande wake, kwa hivyo wacha nikwambie upande wangu.

Jua lilikuwa limewaka. Hicho ndicho watu wa mbali hawaelewi ukiwaambia. Hapa kwetu hapakuwa na hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu kwa watu wengine, na kijito chetu, ambacho mwezi mmoja kabla tulikuwa tunachimba mchanga tupate maji ya mbuzi, kikaja kikiwa kimesimama kama ukuta. Mimi nilikuwa nimeanika ndengu. Nikasikia kama lori linapanda mlima, nikasema baba yako amekuja bila kupiga simu.

Unakumbuka Mama Katunge na wale wamama watatu walikuwa hapa? Walikuwa wamekuja kuchukua vyombo. Kikundi chetu kina zile sufuria kubwa na sahani za kukodisha watu wa harusi na matanga, na mwenye kuziweka ni mwenyekiti. Zilikuwa chumba cha nyuma, zimepangwa mpaka dirishani. Maji yalipofika kwa choo Mama Katunge akasema, "Tutoe nini?" Wamama wanne wenye nguvu zao, na wewe, na mimi. Watu sita. Sanduku lile watu watatu wangelibeba kama mtoto.

Wewe ukaniuliza. Nilikusikia, usifikiri sikusikia. Ulitoka chumbani, leso umejifunga, ukasema, "Susu, na sanduku?"

Nikasema, "Sahani kwanza."

Ukasema tena, "Susu, lile sanduku la chini ya kitanda."

Mama Katunge akageuka, akauliza, "Sanduku gani? Lina nini?"

Hapo, Ndinda. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Maji yalikuwa bado kwenye jiwe la kufulia. Nikamwangalia Mama Katunge, amevaa kitambaa chake cha kanisa, nikasema, "Nguo kuukuu za Mutua. Wacha. Sahani kwanza."

Tukabeba sahani. Tukapanda nazo mpaka kwa shule, tukarudi, tukabeba sufuria, tukarudi, na mara ya tatu hakukuwa na mahali pa kurudi. Tukasimama pale juu tukaangalia. Kuku wangu wawili walikuwa juu ya paa la mabati wakitembea kama wenye nyumba. Mama Katunge alikuwa analia. Mimi nilikuwa nahesabu vijiko, kwa sababu watu wakichanganyikiwa vijiko ndivyo vinapotea kwanza.

Sahani zote zilipona. Hata moja haikuvunjika. Ukitaka kujua kitu gani kilianza kunikausha, ni hicho, kuona zile sahani zimepangwa vizuri kwenye darasa, safi, zinang'aa.

Halafu ikaja foleni ya unga wa msaada. Ulikuwa nyuma yangu jirani yetu Musyoki aliposema, akiwa na gunia lake tupu begani, "Nyinyi wa kilumi mlizoea kumwomba Mungu mvua. Haya, jibu limefika, kunyweni." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Tuliomba kwa kikombe, ni wewe ulileta ndoo." Wakacheka zaidi, na wewe ukacheka. Nikarudi na unga wangu. Lakini nilijua kwamba Musyoki amesema nyinyi wa kilumi mbele ya watu wote wa kanisa, na hakuna mtu hata mmoja aliyegeuka kuniangalia vibaya. Wote walikuwa wanajua. Walikuwa wamejua miaka yote. Nilikuwa nimejificha mbele ya watu wenye macho.

Maji yalipotoka tukarudi kuchota matope. Lile sanduku tulilichimbua kama kiazi. Wale wamama walikuwa wamekuja kusaidia tena, na kufuli ilikuwa imeshika kutu, Mama Katunge akaigonga kwa jiwe ikafunguka. Nilikuwa nimesimama na koleo. Nikasema moyoni, haya, sasa.

Alichungulia ndani. Akaweka mkono. Akasema polepole, "Kumbe ni mwase." Akanigeukia. "Kalondu, si ungesema? Nyanya yangu alikuwa anacheza hii. Tungeibeba juu ya kichwa." Na mwanamke huyo wa kitambaa cha kanisa akaimba kidogo, mstari mmoja, ule wa kuanza, sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Akakosea neno moja. Sikumsahihisha.

Mimi nimeishi miaka mingi, mjukuu wangu, na nimeaibika mara nyingi, lakini sijawahi kuaibika bure namna hiyo.

Na bado sikuwa nimemaliza kuharibu. Mti ulikuwa umevimba, ngozi imelegea, inanuka. Lakini ilikuwa nzima. Hiyo naomba uikumbuke, ilitoka kwenye maji ikiwa nzima. Wewe ukashika simu yako, ukasoma, ukaniambia, "Susu, isikaushwe na jua. Iwekwe kivulini, ifunikwe gunia bichi, ikauke polepole, siku nyingi." Nikakuuliza nani amesema. Ukasema watu wa kutunza vitu vya zamani. Nikakwambia, "Hiyo simu imewahi kukausha nini?" Nikaiburuta mpaka hapo uani, nikaisimamisha juani kama blanketi la mtoto aliyekojoa. Nilitaka ikauke siku hiyo hiyo. Nilitaka iwe kama hakuna kitu kilichotokea.

Mchana tukiwa tunakula muthokoi tukaisikia. Ulisema ni kama mfupa. Mimi niliona ni kama mtu amevunja kuni. Ufa kutoka juu mpaka chini, mkono unapita ndani. Wewe ukasimama, ukamwaga chakula. Mimi nikamaliza sahani yangu. Ulinikasirikia kwa hiyo sahani kuliko kwa ngoma. Nilikuwa na njaa, mkono ulikuwa unaenda mdomoni na kurudi. Mwili unaendelea na kazi zake.

Unaweza kwenda jikoni uangalie ukuta. Alama ya maji ilifika hapa kifuani pangu. Dari la fito halikuguswa. Vibuyu vya mama mkwe viko pale, mbegu kavu, msimu huu tumepanda hizo. Sijaupaka ule ukuta chokaa. Watu wanafikiri sina pesa ya chokaa. Wacha wafikiri.

Sasa nafika kwa jambo lenyewe, na nywele zako zinakaribia kuisha.

Wewe ukisema iende kuni, una haki yako. Mti ni mti. Nimeongea na yule kijana wa kuchonga vinu, anasema gogo la muvuti akilipata atachonga nyingine, ngozi ya mbuzi tunayo. Ngoma ya kupigwa tutapata. Hiyo si shida, nilifikiri ndiyo shida kwa sababu mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia mti. Shida ni kwamba hatuna midundo ya kuipiga. Wiki jana nilikaa hapa na jerikeni tupu katikati ya magoti, milango nimefunga, nikajaribu. Wa kuanza ukaja. Wa kuita ukaja nusu nusu. Wa kufunga, hakuna. Nilipiga piga kama mtu anayebisha nyumba isiyo na watu. Mbuzi wakaja kuchungulia.

Huo mdundo uko mahali pamoja duniani, nao uko Kambu nyuma ya kibanda cha vitunguu.

Baada ya mafuriko Mbithe alituma gunia la vitunguu na dereva mmoja wa huko. Hakutuma neno. Mimi nikapokea, nikamlisha dereva, na yeye akaketi akanitoa habari zote kama watu wa barabarani wanavyojua kufanya, ya sanduku, ya sahani, ya jua, nikajua zitafika Kambu kabla vitunguu vyangu havijakatwa. Nami sikutuma neno. Tulikula vile vitunguu mpaka vikaisha. Uliniuliza vimetoka wapi nikasema soko. Sasa unajua.

Yule dereva alipita tena mwezi huu. Akaniambia mama yule wa Kambu mkono wa kushoto umeanza kukataa. Kikombe anashika na kulia tu. Akaniambia hivyo akitafuna, halafu akaomba chumvi.

Wa kushoto ndio uliokuwa unafunga.

Wewe kesho unapita Kibwezi halafu Kambu, hakuna njia nyingine ya kufika Mombasa isipokuwa uruke. Chuo kinafungua Jumatatu na kesho ni Ijumaa. Najua hizo siku umezipanga na yule rafiki yako, mmepanga kwenda kuangalia bahari. Bahari haina mkono wa kushoto. Shuka Kambu.

Ningeenda mwenyewe. Hiyo ndiyo sentensi ngumu kwenye karatasi hii, na nimeikalia tangu saa nane. Miguu yangu inaweza, usiniletee habari ya magoti. Siendi kwa sababu nikifika tutaanza na lile tusi langu la mfanyakazi aliyefukuzwa, na yeye ataleta lake, na sisi wawili tuna maneno ya miaka, na mkono wake hauna miaka. Nimepima nikaona hivyo. Wewe huna deni naye. Wewe ukifika ataona mtoto tu.

Usiende na simu mbele kama watu wa habari. Rekodi, ndiyo, sikukatazi, safari hii nimekusikia. Lakini simu ni sanduku lingine, Ndinda. Lina kufuli, na linaweza kuanguka majini. Kwanza weka mikono. Mwambie akugonge kwenye mgongo wa mkono ukikosea, ndivyo alivyofundishwa yeye. Una mikono mikubwa isiyo ya mwili wako, nimekucheka kwa hiyo mikono tangu ukiwa mdogo, nikasema utakosa glavu. Sikuwahi kukwambia nilikuwa naona nini.

Na wakikuuliza huko chuoni, au kanisa utakaloenda, sikwambii upige wapi wala upige kwa nini. Mimi sijui mvua inasikiliza nini. Nilipoificha sikujua, na nilipoianika sikujua. Nakwambia tu, ukiwa nayo, iseme. Siku maji yakija, au moto, au hata hayo mambo yenu ya stima, mtu akikuuliza hapo ndani kuna nini, jibu kwa jina lake. Watu hawawezi kukusaidia kubeba nguo kuukuu za Mutua.

Kwenye mfuko wako wa upande, chini ya zile soksi nilizokugombeza nazo, nimeweka kitu kwenye karatasi ya sukari. Ni ule mkanda wa ngozi wa kiunoni, ulikuwa sandukuni pamoja na ngoma. Huo niliukausha jikoni, juu ya moshi, polepole, baada ya kujua. Mbithe aliushona mwenyewe, mshono wake unapinda kulia. Usimwambie umetoka kwa nani. Mwekee tu mkononi.

Atakutazama. Anaweza kukwambia kibanda kimefungwa. Anaweza kukuuzia vitunguu kwa bei ya mgeni. Kaa tu. Msaidie kupanga matikiti. Binti yake akikupa chakula, kula, umalize, ndiyo utajua vile mtu anaweza kumaliza sahani.

Nakusikia langoni, unaongea na mtu, unacheka. Kicheko hicho kikiondoka kitaniachia nyumba kubwa. Nakunja karatasi sasa, nitaitia kwenye mfuko na mkanda, na ukiingia nitakuuliza kwa nini wamekusuka mistari minene hivyo, na wewe utanuna, na tutakula.

Mbithe akikuuliza, "Na Kalondu anasemaje?" usimwambie nasema pole, hataamini, na mimi sijui kama ninayo. Mwambie Kalondu anasema sahani zote zilipona. Ataelewa. Atacheka kwa pua, atakutukana kidogo kwa niaba yangu, halafu atavuta jerikeni katikati ya magoti.

Hapo nyamaza. Usitafute viatu.

Susu wako,
Kalondu